Piano na Fidla Peke Yao: Kipi Kweli, Kipi Uzushi

Albamu ya Freefall ilitoka mwaka 2001, na ndani yake mna watu wawili tu. Regina Carter, mzaliwa wa Detroit, anapiga fidla. Kenny Barron, mzaliwa wa Philadelphia, anapiga piano. Hamna ngoma, hamna besi, hamna mwimbaji. Iweke barazani Bwejuu, hapa Unguja, alasiri, maji yakishajaa na watu wameshatoka kwenye mwani, na hutakosa mtu wa kukwambia kwamba hiyo si jazz, au ni jazz lakini haituhusu, au bendi haijatimia. Nayapenda mabishano hayo, maana ndani yake mna madai yanayostahili kujibiwa kwa uzito. Mengi si kweli. Machache ni kweli, na mojawapo ndilo lililonifanya nizidi kuzipenda ala hizi mbili zikikaa pamoja.

"Jazz ni magitaa na saksafoni. Fidla ni ya taarab."

Si kweli, ingawa linakotoka neno hili kunajulikana. Bendi zilizolea masikio ya wazee wetu zilijiita Jazz: OK Jazz ya Léopoldville tangu 1956, Kilwa Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, na NUTA Jazz iliyoanza 1964. Zilipiga rumba na dansi kwa magitaa, saksafoni na tarumbeta. Fidla tukaiona kwingine, kwenye okestra za taarab, wapigaji wamekaa safu na pinde zinapanda na kushuka pamoja. Mtu aliyekua na picha hizo mbili lazima aone kwamba fidla na jazz ni nyumba mbali mbali.

Lakini kule jazz ilikozaliwa, fidla ilikuwepo kabla ya saksafoni. Watumwa wa Kiafrika Marekani walipiga fidla kwenye ngoma za mabwana zao na kwenye ngoma zao wenyewe. Solomon Northup, mtu huru wa jimbo la New York aliyetekwa mwaka 1841 na kuuzwa Louisiana, alikuwa mpiga fidla, na katika kitabu alichokitoa 1853 baada ya kurudi alieleza jinsi fidla hiyo ilivyompa ahueni katika miaka 12 ya utumwa. Miaka mingi baadaye, mjini New Orleans, bendi nyingi za dansi ziliongozwa na mpiga fidla. John Robichaux alikuwa hivyo, na Armand Piron baada yake.

Kilichoisukuma fidla pembeni ni kelele. Kabla ya maikrofoni, fidla yenye nyuzi nne haikuweza kushindana na koneti na tromboni katika ukumbi uliojaa watu wanaocheza. Maikrofoni na vipaza sauti vilipokuja, ikarudi. Joe Venuti aliipa nafasi kwenye santuri za miaka ya 1920. Stuff Smith alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuiunganisha fidla na umeme. Paris mwaka 1934, Stéphane Grappelli na mpiga gitaa Django Reinhardt wakaunda Quintette du Hot Club de France. Na mwaka 1963, mjini Paris pia, Duke Ellington alikaa kwenye piano na kurekodi na wapiga ala za upinde watatu kwa pamoja: Grappelli, Ray Nance na Svend Asmussen. Rekodi hiyo ilikaa kabatini hadi 1976 ndipo ikatolewa.

"Wawili ni bendi iliyopungukiwa."

Si kweli, na historia ya Unguja yenyewe inakataa. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, hakwenda na okestra. Alikwenda na kundi dogo la watu wachache, na kwa kundi hilo sauti yake ikafika kila bandari ya mwambao palipokuwa na gramafoni. Okestra kubwa zenye safu za fidla zilishamiri baadaye, miaka ya 1950 na 1960, kwa mvuto wa filamu na redio za Misri. Wingi wa wapigaji ni mtindo mmoja uliokuja kwa wakati wake, na kabla yake watu walishakesha wakisikiliza udi, fidla na tari.

Katika kundi la watu ishirini na tano, mpiga fidla wa safu ya nyuma akikosea, wenzake wanamfunika. Katika wawili hakuna wa kumfunika mwenziwe. Kila pumzi inasikika, kila kusita kunasikika, na msikilizaji anaweza kumfuata kila mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho bila kumpoteza. Ndiyo maana wapigaji wakubwa, walioweza kumwita yeyote wamtakaye, walichagua kubaki wawili. Mwaka 1990 Grappelli, akiwa na miaka 82, alirekodi One on One na McCoy Tyner, mpiga piano aliyekuwa na John Coltrane katika miaka yake ya moto. Kati yao kulikuwa na miaka 30 na mitindo miwili isiyofanana hata kidogo. Mmoja ana wepesi wa Paris ya kabla ya vita. Mwingine anashusha mkono wa kushoto mzito kama wimbi la kusi linalopiga mwamba. Hakuna mtu wa tatu wa kuwapatanisha, na nafikiri hicho ndicho walichokitaka.

"Ala hizi hazifanani, kwa hiyo haziendani."

Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Piano ni ala ya kugonga: nyundo ndogo iliyovikwa kitambaa kizito inapiga uzi, na tangu sekunde hiyo sauti inaanza kufa. Mpigaji akishabonyeza hana tena la kuifanya sauti ile, hawezi kuikuza wala kuitingisha. Fidla ni kinyume chake. Upinde ukigusa uzi, sauti inaweza kuanza chini kabisa, ikakua, ikatetemeka, ikageuka ukali, ikapungua, yote katika sauti moja. Kwa upande mwingine, piano ina vibao 88 na inaweza kutoa sauti kumi kwa pamoja, wakati fidla mara nyingi inatoa moja, au mbili upinde ukigusa nyuzi mbili.

Na hiyo ndiyo sababu zinaendana. Sikiliza pale mpiga fidla anaposhika sauti moja ndefu. Sauti ile haibadiliki, lakini piano chini yake inabadilisha mapatano, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, mara tatu au nne, na kila ikibadilisha, sauti ile ile ya fidla inapata maana mpya: kwanza imetulia, halafu ina wasiwasi, halafu inauma, halafu imefika nyumbani. Fidla haikusogea hata kidogo. Nikimpigia mtu asiyewahi kusikiliza muziki huu, hapo ndipo ninapomwomba anyamaze asikilize, kwa sababu akishalisikia jambo hilo mara moja haliachi tena.

Grappelli alilijua kutoka pande zote mbili. Kabla ya kuwa na jina alijipatia riziki Paris kwa kupiga piano kwenye majumba ya sinema zisizo na sauti, na mapenzi yake kwa piano hayakwisha. Ukimsikiliza akipiga fidla na mpiga piano mzuri, utasikia kwamba anajua mwenziwe anaelekea wapi kabla hajafika.

"Bila ngoma hakuna mapigo."

Si kweli. Quintette ile ya Paris ilikuwa na magitaa matatu, fidla na besi, na watu waliicheza bila mpiga ngoma hata mmoja. Mapigo ni kazi, na kazi inaweza kufanywa na yeyote.

Kwenye piano, kazi hiyo kwa kawaida iko mkono wa kushoto. Katika mtindo wa zamani, mkono unaruka: sauti nzito chini, mapatano juu yake, chini tena, juu tena, huku mkono wa kulia ukifanya mambo yake. Earl Hines alikuwa bingwa wa kuuvunja mtindo huo. Mkono wake wa kushoto ungeacha kuruka ghafla, ukapotea, halafu ukarudi mahali hasa panapostahili, na msikilizaji anagundua kwamba mapigo hayakupotea hata dakika moja, yalikuwa yakienda ndani ya kichwa chake mwenyewe. Mwaka 1975 Hines na Venuti, wazee wawili, walirekodi Hot Sonatas, na asemaye muziki wa piano na fidla ni wa kusinzia na aisikilize kwanza.

Zamu ya piano kutamba ikifika, mpiga fidla anachukua mapigo. Anaweza kuweka upinde pembeni na kudonoa nyuzi kwa kidole, au kuupiga upinde mfupi mfupi kwenye nyuzi hadi ukatoa mkwaruzo wa kingoma. Uzi mzito wa fidla haufiki chini sana, kwa hiyo besi ya kweli haipatikani. Kinachopatikana ni wepesi, na nafasi tupu ambayo bendi kubwa huijaza bila kutaka.

Wapenzi wa kidumbaki watanikatalia hapa, na wana haki ya kunisikiliza kwa mashaka. Kidumbaki kina fidla mbele, lakini nyuma yake kuna vidumbaki viwili, sanduku, mkwasa na cherewa, na bila hivyo harusi ya Ng'ambo isingesimama. Kwa kazi ile, ya kuwachezesha watu saa nzima bila kupumua, ngoma ni lazima. Wawili wa piano na fidla wanafanya kazi nyingine. Wanakuachia uyahesabu mapigo mwenyewe.

"Wapiga jazz hupiga lolote linalowajia."

Huu ndio uzushi unaoniuma zaidi, kwa sababu unawanyima wapigaji jasho lao, na kwa sababu watu wa taarab ndio wa mwisho wanaopaswa kuuamini.

Kila mpenzi wa taarab anaijua taksimu. Mpiga kanuni au fidla anabaki peke yake, okestra imenyamaza, na anazunguka ndani ya makamu, yaani ngazi yake ya sauti, bila mizani ya kumkimbiza. Anaonekana yuko huru kabisa. Kumbe ana njia: aanzie wapi, apumzike kwenye sauti ipi, lini apande, lini atoke kidogo aingie makamu jirani na arudi kwa adabu. Msikilizaji mzoefu anajua akipotea njia, na anajua akirudi vizuri, ndipo utasikia watu wanaguna kwa raha.

Jazz imegeuza mpangilio huo. Mizani ndiyo imefungwa, sauti ndizo zimefunguliwa. Chukua bluzi: hatua 12, kila hatua mapigo manne, jumla mapigo 48, na mapatano yanayobadilika mahali pale pale kila mzunguko. Zikiisha, zinaanza upya. Nyimbo nyingine zina hatua 32. Wapigaji wawili wakitoka kwenye wimbo na kuanza kutunga papo hapo, duara hilo linaendelea kuzunguka vichwani mwao, na ole wao wakipishana hata kwa pigo moja, kwa sababu hakuna besi wala ngoma ya kuwaonesha walipo.

Kwenye Freefall kuna Misterioso, tungo la Thelonious Monk aliyelirekodi mara ya kwanza 1948. Ni bluzi ya hatua 12, na wimbo wake wote umejengwa kwa masafa ya sauti sita yanayopanda na kushuka ngazi kwa ngazi. Hata mtoto anayeanza piano anaweza kufundishwa vidole vyake. Ugumu unaanza pale wimbo unapokwisha na ngazi zile hazisikiki tena, lakini kila anachotunga mpigaji lazima kiwe kinazikumbuka. Sikiliza mara ya pili ukiwa unahesabu hadi 12 kimya kimya. Utasikia wawili hawa wanaongea ndani ya nyumba yenye kuta, na kila mmoja anajua mlango uko wapi.

"Freddie Mercury alijifunza piano Mji Mkongwe."

Si kweli. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, lakini masomo ya piano aliyaanza India, alikopelekwa akiwa mtoto, na bendi yake ya kwanza, The Hectics, aliipigia piano akiwa shule ya bweni Panchgani. Tuna haki ya kujivunia kuzaliwa kwake. Historia ya piano Unguja itafutwe kwingine.

"Piano haidumu pwani."

Kweli, na anayepanga kuleta piano Bwejuu aambiwe mapema. Ndani ya piano mna nyuzi za chuma zaidi ya 200, na kwa pamoja zinavuta fremu kwa nguvu ya tani zaidi ya 15. Chumvi ya bahari inazitia nyuzi kutu. Unyevu wa masika unavimbisha mbao, vibao vinaganda, kitambaa cha nyundo kinalainika, na sauti zinahama. Kaskazi ikija na ukavu wake, kila kitu kinarudi kinyume. Piano iliyotiwa sauti vizuri leo, baada ya misimu miwili bila fundi, haisikilizwi. Fidla nayo inaumia, kwa sababu gundi yake hufunguka kwa joto na unyevu, lakini fidla inafungwa kwenye sanduku lake na kubebwa kwapani hadi kwa fundi.

Ndiyo maana wengi wetu tunapiga kinanda cha umeme, na mimi sioni aibu ndani yake. Kinanda kizuri chenye vibao vizito kinaweza kukaa na fidla kwa heshima. Tatizo lake ni jingine, na waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa: karibu miezi mitatu kisiwa kizima kilikaa bila umeme wa gridi, na asiye na jenereta alikuwa na kinanda kimya. Fidla ilipigwa kama kawaida.

"Piano haiwezi kuyafikia masikio ya taarab, haina robo sauti."

Kweli kwa nusu, na nusu hiyo ni nzito, kwa hiyo niruhusiwe kwenda polepole.

Piano imeigawa oktavu sehemu 12 zilizo sawa. Kati ya mi bemoli na mi hakuna kibao kingine. Makamu ya rasti ikianzia do, sauti yake ya tatu inakaa hapo hapo katikati, mahali piano haina kitu. Bayati na sika nazo zina sauti za namna hiyo. Mpiga fidla anazipata bila taabu, kwa sababu shingo ya fidla haina vizuizi: kidole kinasogezwa kidogo tu na sauti imefika. Mpiga kanuni anazipata kwa vipande vidogo vya chuma vilivyo chini ya nyuzi upande wake wa kushoto, anavyovinyanyua na kuvilaza huku mkono wa pili ukiendelea kupiga. Piano haina njia.

Jambo hili liliwashughulisha wataalamu wakubwa muda mrefu. Kwenye kongamano la muziki wa Kiarabu lililofanyika Cairo mwaka 1932, piano ilijadiliwa kwa ukali, na piano zilizoundwa makusudi ziwe na robo sauti zilipelekwa pale zikasikilizwa. Hazikuenea. Ahmed Abdul-Malik, mpiga besi na udi wa New York aliyefanya kazi na Monk mwenyewe, aliporekodi Jazz Sahara mwaka 1958 alimweka Naim Karacand kwenye fidla, Jack Ghanaim kwenye kanuni na Johnny Griffin kwenye saksafoni. Piano hakuiweka kabisa. Mtu aliyesimama kila usiku kando ya piano ya Monk aliona kwamba kwa muziki ule, iachwe.

Hiyo ndiyo nusu iliyo kweli. Nusu ya pili inaanza na akodiani. Akodiani ya kawaida ina mgawanyo ule ule wa piano, haina robo sauti, na bado imekaa katikati ya okestra za taarab za Unguja kwa miongo mingi bila mtu kusema si yetu. Wapigaji wamejifunza pa kuingia na pa kunyamaza. Wakati fidla zinapita kwenye sauti za katikati, akodiani inatulia au inashika sauti zisizogombana nazo.

Jazz ilikutana na tatizo hilo hilo kwa mlango mwingine. Waimbaji wa bluzi wana sauti zao zilizo kati ya vibao, hasa ile ya tatu na ya saba, na mpiga fidla anaziteleza kama mwimbaji. Mpiga piano hana namna ya kuteleza. Basi akabuni hila: anabonyeza vibao viwili jirani kwa pamoja, vigombane, na sikio lenyewe linaitafuta ile sauti iliyo kati yao. Monk aliifanya hila hiyo kuwa lugha. Katika wawili wa piano na fidla mambo hayo mawili yanasikika ana kwa ana: mmoja anaifikia sauti ya katikati, mwingine anaizunguka kwa pande zote mbili, na kati yao kuna mvutano usioisha. Masikio yaliyolelewa na rasti na bayati yanausikia mvutano huo upesi kuliko masikio mengi ya Ulaya. Kasoro ya piano, niliyodhani ni sababu ya kuikataa, kwangu sasa ndiyo sababu ya kuisikiliza pamoja na fidla.

"Ni muziki wa watalii, hautuhusu."

Si kweli. Ni kweli kwamba pwani hii ya mashariki, kutoka Michamvi hadi Jambiani, jazz inasikika zaidi hotelini, wakati wa chakula, kwa sauti ya chini ili isimsumbue mtu. Muziki uliowekwa ili usisikilizwe utachosha popote ulipo, hata ukiwa taarab. Lawama ni ya namna unavyotumiwa.

Kuhusu kutuhusu, jazz ilianza kututaja zamani. Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika mjini New York, maneno yakiwa ya mshairi Langston Hughes, na sehemu ya kwanza, Uhuru Kwanza, inafunguliwa na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akizungumza Kiswahili, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Tanganyika. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hiyo. Mpiga piano Herbie Hancock alijiita Mwandishi, akatoa albamu kwa jina hilo mwaka 1971, na wenzake wa bendi wakachukua majina ya Kiswahili pia: Mchezaji, Jabali, Mganga, Mwile, Pepo Mtoto. Na Regina Carter, yule yule wa Freefall, mwaka 2010 alitoa Reverse Thread, albamu iliyojengwa juu ya nyimbo za Afrika, inayofunguliwa na wimbo wa jamii ya Wayahudi wa Uganda. Kando ya fidla yake aliweka kora na akodiani. Mpenzi wa taarab akisikia fidla na akodiani zikishikana pale atajua yuko karibu na kwao.

Hapa Unguja vijana wameshaanza. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilifunguliwa mwaka 2002 na kwa miaka mingi kilikaa katika jengo la Forodha ya zamani, Mizingani. Kimefundisha taarab, kidumbaki na jazz chini ya paa moja, kwa hiyo kimetoa wapiga fidla wanaoweza kupiga bashrafu ya taarab asubuhi na bluzi jioni. Kundi la Tarajazz limetoka katika hewa hiyo. Rajab Suleiman na kundi lake la Kithara walionesha kwa albamu yao Chungu ya mwaka 2013 kwamba kanuni inaweza kuongoza muziki mdogo, wa wapigaji wachache, bila kupoteza utaarab wake.

"Huku kwetu hakuna pa kuanzia."

Si kweli, na hapa nasema na aliye na kinanda Bwejuu na rafiki yake mwenye fidla, kwa sababu najua wapo.

Kuna makamu zinazokaa kwenye piano bila ugomvi: ajamu, nahawandi, kurdi, na hijazi kwa jinsi inavyopigwa na wengi. Anzeni na nahawandi kwenye re. Mpiga kinanda aache kabisa mdundo wa rusha roho ulio ndani ya mashine na azime kila kitu kinachojipiga chenyewe. Mkono wa kushoto ushike re na la, polepole, kwa hatua 12. Fidla iingie kwa taksimu, lakini taksimu yenye mizani, imalizike hatua ya 12 hasa. Mzunguko wa pili, kinanda kibadilishe mapatano chini ya fidla mara moja tu, hatua ya tano, kiende sol. Mzunguko wa tatu mpeane zamu, fidla idonoe nyuzi na kinanda kiongee. Mtapotezana kwenye hatua ya tisa au ya kumi, kila anayeanza hupotezana hapo. Rudini mwanzo bila ngoma ya kuwahesabia, mpaka muweze kufika ya 12 pamoja huku mmetazama pengine.